Microraptor Hakuwa Akitungoja Sisi

Katika miamba ya mkoa wa Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China, wamefukuliwa mamia ya wanyama wadogo wa jinsi moja ambao mtu akiwatupia jicho mara moja atasema ni ndege. Wana manyoya marefu mikononi, wana mengine marefu miguuni, na mkia wao wa mifupa unaishia kwa kishada cha manyoya. Akitazama kwa utulivu ataona meno kinywani na kucha tatu kwenye kila bawa la mkononi, na mifupa yenyewe ataikuta ni ya dinosauri, wa jamaa moja na Velociraptor aliyepata umaarufu kwenye sinema. Wataalamu wamempa jina la Microraptor. Urefu wake, mkia ukiwemo, ulikuwa chini ya mita moja au karibu na hapo, na uzito wake kilo moja hivi. Aliishi takriban miaka milioni 120 iliyopita. Aliwinda, alilala, alibadilisha manyoya, alizaa, akafa, na hatimaye ukoo wake wote ukakatika. Wanadamu wa jinsi yetu tuna takriban miaka 300,000 duniani, yaani sehemu moja tu kati ya 400 za muda unaotutenga naye. Hakuna mtu aliyemwona akiwa hai, wala hakuna ambaye angeweza kumwona. Swali langu ni la kidini na la kifalsafa kwa pamoja: maisha yale yalikuwa kwa ajili ya nani? Nashikilia kwamba yalikuwa kwa ajili ya mwenyewe aliyeyaishi, na kwa anayemwamini Mungu, yalikuwa mbele za Mungu moja kwa moja, bila kupitia kwetu. Naona ushahidi wa mifupa na wa maandiko unaelekea huko huko, ingawa wapo wenye hoja nzito za kupinga, nao wanastahili kujibiwa.

Wengi wetu tumelelewa na jibu jingine. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, aliandika kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama wapo kwa ajili ya binadamu. Kitabu cha Mwanzo kinampa mwanadamu utawala juu ya samaki, ndege na viumbe vyote vitambaavyo. Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 29, inafundisha kuwa vyote vilivyomo ardhini tuliumbiwa sisi. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nisa aliufafanua mpango huo kwa mfano wa mwenyeji mwema: hamwiti mgeni kabla ya kuitengeneza nyumba na kuandaa chakula, na ndiyo sababu Adamu aliumbwa mwisho. Mfano huo ulitosha madamu watu walidhani kwamba kati ya kuumbwa kwa wanyama na kuumbwa kwa mtu palipita siku moja au mbili. Microraptor anauvunja. Chakula kilichoandaliwa na kuondolewa mezani miaka milioni 120 kabla ya mgeni kufika hakikuwa cha mgeni huyo. Anayetaka kuendelea na jibu la zamani itambidi aonyeshe ni kwa njia gani mnyama ambaye hakutubebea mzigo, hakutulisha, hakututisha wala hakuacha uzao wa kutufaa, alikuwa akitutumikia.

Njia fupi ya kuikwepa shida hii ni kuukana umri wenyewe, na wapo waumini wanyofu wanaofanya hivyo. Lakini umri huo haukuokotwa hewani. Liaoning ya wakati ule ilikuwa nchi ya misitu na maziwa yenye volkano jirani, na kila zilipolipuka, majivu yalitua majini na kuacha tabaka juu ya matope. Ndani ya majivu hayo mna punje za madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo unaojulikana. Kwa kupima argoni iliyofungika ndani ya punje, wanajiolojia wamekadiria kuwa matabaka ya Jiufotang, alimozikwa Microraptor, yana miaka milioni 120 hivi. Anayesema kwamba Mungu aliyapanga yote hayo ili mwamba mchanga uonekane mzee anamfanya Mungu kuwa mtoa ushahidi wa uongo, na hiyo ni tuhuma nzito kuliko kukiri kwamba dunia ni kongwe. Dini zetu zimefundisha kwa karne nyingi kwamba maumbile ni ishara za Muumba zinazosomeka. Siwezi kuona jinsi mtu anavyoweza kulishika fundisho hilo kwa dhati na papo hapo akasema ishara hizo zimeghushiwa.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe, maana hoja yangu inasimama juu ya namna alivyoishi. Matope laini ya maziwa yale hayakuhifadhi mifupa tu, yalihifadhi hata mlo wa mwisho. Mwaka 2011 watafiti walichapisha maelezo ya Microraptor mwenye mifupa ya ndege mdogo wa mitini tumboni. Mwaka 2013 yakatoka maelezo ya mwingine mwenye mabaki ya samaki. Mwaka 2019 akaja wa tatu, aliyekuwa amemmeza mjusi mzima akianzia kichwani. Mjusi huyo alikuwa wa spishi isiyojulikana kabla, akaitwa Indrasaurus, kwa kumkumbuka Indra ambaye katika masimulizi ya kale ya Wahindi alimezwa na joka. Mwaka 2022 ukaelezwa mguu mdogo wa mamalia, umekaa kamili ndani ya mbavu za Microraptor. Kwa hiyo huyu alikula alichokipata, juu ya miti, chini ardhini na kando ya maji. Mabawa yake ni habari nyingine. Mtafiti Xu Xing na wenzake walipomtangaza Microraptor gui mwaka 2003, kilichoshangaza ni manyoya ya miguuni: marefu, yenye upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, kama yalivyo manyoya ya kurukia ya ndege wa leo. Alikuwa na mabawa manne. Kwamba aliweza kuelea hewani kutoka mti hadi mti, hilo linakubaliwa na wengi. Kwamba aliweza kupiga mabawa na kujiinua mwenyewe, hapo mjadala haujafungwa. Na mabawa hayo yalitunzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba manyoya ya bawa yalikuwa yakibadilishwa machache machache kwa zamu, jinsi wanavyofanya ndege ambao hawawezi kukaa hata msimu mmoja bila kuruka. Hata ngozi yake tunaijua kidogo: mwaka 2018 watafiti walitambua vipande vidogo vya ngozi iliyobanduka kati ya manyoya, ishara kwamba aliiacha ngozi yake ya zamani kwa vipande vidogo vidogo kama ndege, wala hakuivua yote kwa mara moja kama nyoka.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu kila moja linaeleza jambo ambalo kwa mnyama huyu liliweza kwenda vizuri au kwenda vibaya. Kumeza mjusi kwa kuanzia kichwani kuna faida: miguu na magamba hulala na kuteleza, mawindo hayakwami kooni. Kubadilisha manyoya kwa zamu kuna faida: bawa halibaki na pengo la kumfanya aanguke au ashindwe kumkimbia adui. Hizi ni faida za nani? Si zetu, sisi hatukuwepo. Si za mwamba wala za ziwa. Jiwe halipotezi kitu likivunjika, maji hayapati hasara yakikauka. Ni faida za yule mwenye koo na mwenye bawa. Pale penye mwili unaojitunza, unaotafuta kitu na kukikosa au kukipata, pana heri na shari tayari, hata kama hakuna mwenye akili ya kuzipa majina. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafalsafa wengi husema kwamba thamani ilianza na binadamu, kwamba kabla yetu palikuwa na mambo yanayotokea tu, yasiyo mema wala mabaya. Microraptor aliyeshiba kando ya ziwa alikuwa katika hali njema kuliko Microraptor mwenye njaa, na ukweli huo haukusubiri miaka milioni 120 ili uwe ukweli.

Mpinzani atasema: haya, tukubali shibe na njaa, lakini uzuri je? Uzuri unahitaji jicho linalouthamini. Hoja hii naichukulia kwa uzito, na bahati njema mnyama wetu ana jibu lake mwilini. Mwaka 2012 watafiti wa China na Marekani walichunguza vijichembe vya rangi vilivyobaki ndani ya manyoya ya Microraptor mmoja, vile viitwavyo melanosomu. Vilikuwa vyembamba, vimepangwa kwa tabaka, mpangilio ambao kwa ndege wa leo hutoa weusi unaometa na kugeuka kulingana na mwanga, kama tunavyouona kwa kwezi. Mkiani alikuwa na manyoya mawili marefu ya katikati, ambayo watafiti wale waliyaona kuwa pambo zaidi kuliko chombo cha kurukia. Kabla ya hapo, mwaka 2011, vipimo vya mifupa ya jicho vilikuwa vimewafanya wengine wadhani aliwinda usiku. Mng'aro huo ulilitilia shaka wazo hilo, kwa kuwa ndege wa usiku ni nadra kumeta. Sasa, mng'aro wa namna hii hauna kazi gizani wala kwa asiyeuona. Ulikuwepo ili uonwe, na waliouona walikuwa Microraptor wengine. Kwa hiyo ni kweli kwamba uzuri unahitaji jicho, lakini si kweli kwamba jicho hilo lazima liwe letu. Macho yaliyochagua, yaliyopendelea manyoya haya kuliko yale, yalikuwa kazini katika misitu ya Liaoning zamani sana. Sidai kwamba mnyama yule alistaajabu kama anavyostaajabu mshairi. Nadai jambo dogo kuliko hilo, nalo linanitosha: kwamba pambo lile lilikuwa na mtazamaji wake halali, na mtazamaji huyo hakuwa binadamu.

Pingamizi linalosikika zaidi leo linatoka kwa wale wanaoikubali sayansi na kudhani wamelipata jibu humo. Wao husema: Microraptor alikuwa ngazi. Alikuwa hatua ya kumfikia ndege, kama vile nyani wa kale walivyokuwa hatua ya kutufikia sisi, na thamani ya hatua ni kule inakoelekea. Wazo hili lina mvuto. Mwaka 1915 William Beebe, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alikisia kwamba mababu wa ndege walipitia hali ya kuwa na mabawa manne, na Microraptor alipotokea ilionekana kama utabiri umetimia. Lakini hesabu za wakati hazikubali. Archaeopteryx wa Ujerumani, aliyehesabiwa tangu zamani kuwa ndege au karibu sana na ndege, ana miaka milioni 150 hivi. Microraptor alikuja miaka milioni 30 baadaye. Alipokuwa akielea mitini, ndege wa kweli walikuwepo pembeni yake, na kama tulivyoona, mmoja wao aliishia tumboni mwake. Huyu hakuwa babu wa kuku wala wa tai. Alikuwa binamu aliyeishi kwa namna yake, akatoweka bila kuacha mrithi, na utafiti wa karibuni unaelekeza kwamba uwezo wa kuruka huenda ulijaribiwa na koo kadhaa za dinosauri, kila ukoo kivyake.

Na kuna kisa kinachoonyesha jinsi hamu yetu ya ngazi ilivyo kubwa. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilitangaza kisukuku kilichoitwa Archaeoraptor, nusu ndege nusu dinosauri, kiungo kilichokuwa kikitafutwa. Kilikuwa kimenunuliwa Marekani kwa dola 80,000. Muda si muda Xu Xing akakuta China bamba jingine la mwamba lenye mkia ule ule kwa upande wa pili, ila mkia huo ulikuwa umeungana na mwili mwingine kabisa. Kile kilichotangazwa kilikuwa vipande vilivyogundishwa: kiwiliwili cha ndege wa kale na mkia wa dinosauri mdogo. Dinosauri huyo mdogo ndiye aliyepewa jina la Microraptor mwaka 2000. Yaani kabla hajawa na jina lake, alikatwa mkia ili akamilishe simulizi ambayo watu walitaka kuisikia. Waliogundisha walitafuta bei nzuri, na soko likawapa, kwa sababu wanunuzi waliona thamani katika kile mnyama alichokuwa akielekea kuwa kuliko katika kile alichokuwa. Naliona kosa hilo hilo, bila gundi, katika falsafa ya ngazi. Mtoto wa miaka minane hana thamani kwa sababu tu atakuwa mtu mzima. Akifa na miaka minane, maisha yake hayakuwa maandalizi yaliyopotea. Wala ukoo ulioishi na kukatika haukuwa rasimu.

Mwenye imani atauliza kama hili linapatana na maandiko niliyoyataja mwanzoni. Naamini linapatana, tena kuliko tulivyozoeshwa kuyasoma. Katika Mwanzo, viumbe vya majini na ndege vinaumbwa siku ya tano, na Mungu anaviona kuwa vyema na kuvibariki siku hiyo hiyo, kabla hajaumbwa mtu wa kunufaika navyo. Wema huo unatamkwa mtu akiwa hayupo. Katika kitabu cha Ayubu, mtu anayedai maelezo kuhusu mateso yake anajibiwa kwa orodha ndefu ya mambo yasiyomhusu: mvua inyeshayo nyika isiyokaliwa na watu, makinda ya kunguru, mbuni, punda mwitu asiyekubali mzigo. Kwa Waislamu, sura ya Al-An'am, katika aya ya 38, inawahesabu wanyama na ndege kuwa umma mbalimbali mfano wetu, ambao mwisho wao ni kukusanywa kwa Mola wao. Wamewahi kuwapo wanazuoni waliolichukua jambo hili kwa uzito. Katika karne ya 10 huko Basra, waandishi waliojiita Ikhwan al-Safa walitunga hadithi ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na moja ya hoja za wanyama ni kwamba wao walikuwa wakiishi duniani kwa amani kabla Adamu hajaumbwa. Ni kweli kwamba mwishoni hukumu inawaendea wanadamu, lakini wanaipata kwa sababu ya wacha Mungu waliomo miongoni mwao na ahadi ya maisha ya milele, wala si kwa sababu wanyama waliumbwa kuwa mali yao. Karne mbili baadaye Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeandika kwa Kiarabu akiishi Misri, alisema waziwazi kwamba haifai kuamini kuwa vitu vyote vipo kwa ajili ya mtu. Kila kimoja kimekusudiwa kwa ajili yake chenyewe. Hawa hawakujua lolote kuhusu Liaoning. Walifika hapo kwa kumtafakari Mungu tu, na mifupa imekuja kuwaunga mkono. Na aya ya Al-Baqara? Kuruhusiwa kukitumia kitu hakumaanishi kwamba kitu hicho hakina sababu nyingine ya kuwapo. Wanakijiji wamewekewa mto wanywe, na samaki nao wamewekewa mto huo huo.

Lipo pingamizi linaloniumiza kichwa kuliko yote, nalo linatokana na hoja yangu mwenyewe. Nikisema maisha ya Microraptor yalikuwa na thamani kwake, lazima niseme hivyo hivyo kuhusu mjusi aliyemezwa mzima, na ndege, na yule mamalia aliyebaki mguu. Shibe ya mmoja ilikuwa mauti ya mwingine, kwa mamilioni ya miaka, na hapakuwa na binadamu wa kulaumiwa. Hapa jibu maarufu la Kikristo, kwamba mauti yaliingia duniani kwa dhambi ya Adamu, haliwezi kutumika kwa wanyama. Paulo anapolizungumzia katika Waraka kwa Warumi, anazungumzia mauti yaliyowafikia watu wote. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, bila kisukuku hata kimoja mezani, alikataa wazo kwamba wanyama wala nyama walikuwa wakila majani kabla ya anguko. Alisema maumbile yao hayakubadilishwa na dhambi ya mtu. Zaburi ya 104 inaenda mbali zaidi, inawaonyesha wanasimba wakingurumia mawindo na kumwomba Mungu chakula chao. Kwa hiyo maandiko hayafichi kwamba mwindaji naye analishwa na Mungu. Yanayobaki ni machozi ya anayewindwa.

Hapa sina jibu linaloondoa uchungu, na namtilia shaka kila anayedai kuwa nalo. Naweza kusema mambo mawili tu. La kwanza, uchungu huo hauipingi hoja yangu, unaithibitisha. Kama mjusi angekuwa kitu tu, kumezwa kwake kusingetusumbua. Tunasumbuka kwa sababu tunatambua kwamba kuna aliyepotewa na kitu. La pili, wapo waumini waliolikabili jambo hili bila kulifunika. Katika mapokeo ya Kiislamu ipo hadithi katika mkusanyo wa Muslim inayosema kwamba Siku ya Kiyama hata mnyama asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa mwenye pembe aliyempiga. Wanatheolojia wa Mu'tazila, akiwemo Kadhi Abd al-Jabbar, waliendelea hadi kufundisha kwamba Mungu mwadilifu lazima awafidie wanyama kwa maumivu waliyoyapata. Mtu anaweza kukataa fundisho lao, na wengi walilikataa. Lakini tazama linachokichukulia kuwa wazi: kwamba mnyama ana dai lake binafsi mbele ya Mungu, dai lisilopitia kwa mwenye kumfuga. Ukiruhusu dai hilo kwa kondoo, sioni mpaka wa kulizuia lisimfikie mjusi wa Liaoning. Tatizo la uovu linakuwa kubwa zaidi kwa njia hii, nakiri. Lakini Mungu anayehesabu maumivu ya binadamu peke yake, na kuyaacha maumivu ya miaka yote iliyotutangulia kama kelele, angekuwa na uadilifu wenye ukubwa wa kijiji chetu tu.

Wengine wanahofia kwamba kusema hivi kunamshusha binadamu. Ikiwa dunia haikutungoja, je, sisi ni nani? Hofu hii inachanganya mambo mawili, kuwa wa pekee na kuwa sababu ya kila kitu. Sijui kiumbe mwingine ambaye angeweza kuokota kipande cha mwamba, akatambua ndani yake rangi ya manyoya ya mnyama aliyekufa kabla ya kuwapo kwa mlima Kilimanjaro, kisha akauliza kama mnyama yule alitendewa haki. Uwezo huo ni mkubwa, na dini zetu hazikukosea kuuheshimu. Ila uwezo wa kushuhudia haumfanyi shahidi kuwa mwenye mali. Wala hoja yangu haimkatazi mtu kuchinja kuku wake. Inamtaka tu ajue kwamba anachukua uhai uliokuwa na mwenyewe, na ndiyo maana sheria za kuchinja katika dini zetu hutaka jina la Mungu litajwe au damu iheshimiwe. Kama kuku angekuwa chombo chetu tangu mwanzo hadi mwisho, kungekuwa na haja gani ya kuomba idhini?

Mahali ambapo tofauti ya majibu haya mawili inaonekana wazi ni pale kiumbe kinapokuwa hakina faida yoyote tunayoijua. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta katika korongo la mto Kihansi, Tanzania, chura wa manjano mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji na asiyeishi mahali pengine popote duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, manyunyu yalikatika. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa, mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa korongoni, na hata hivyo mwaka 2009 ikatangazwa kwamba amekwisha porini. Tangu 2012 vyura waliozaliwa Marekani wamekuwa wakirudishwa. Umeme ulihitajika hospitalini na viwandani, na silidharau hitaji hilo. Lakini walioulizwa kwa nini fedha itumike kwa chura walijikuta wakitafuta faida ya kumtetea: huenda ngozi yake ina dawa, huenda watalii watakuja. Huenda. Zipo sababu za namna hiyo, na siku utafiti utakapoonyesha kwamba hana dawa wala watalii, zitakufa pamoja naye. Sababu inayobaki ni ile iliyokuwapo kabla hajaonwa na mtu, wakati manyunyu yalipokuwa yakimlowanisha na yeye akistawi humo, na hiyo ndiyo ilipaswa kusemwa kwanza mbele ya wahandisi, wabunge na maaskofu, bila kuona haya.